Kocha wa timu ya shule haajiriwi, hupangiwa

MASHINDANO ya UMISSETA yanapokaribia, mashabiki wa Njombe na Makambako wanaobashiri kocha mpya wa timu ya shule hawana mkataba wa kusubiri. Kocha wa soka katika sekondari ya serikali kwa kawaida ni mwalimu, ambaye mkuu wa shule humkabidhi michezo juu ya vipindi vyake vya darasani.

Kinachoamua, basi, ni barua ya uhamisho. Mwalimu akiondoka katikati ya muhula, mrithi wake huenda akawa mtu asiyewahi kusomea ukocha. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko mkoani Mwanza, mbali kweli na Nyanda za Juu Kusini.

Pengo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wizara ya Elimu chini ya Joseph Mungai ilisitisha mashindano ya shule, yakarejeshwa wakati wa Serikali ya Awamu ya Nne.

Anayeumia ni mchezaji. Halmashauri za miji ya Njombe na Makambako huunda timu zake, na humo ndimo kikosi cha mkoa huteuliwa. Mwanafunzi wa kidato cha nne asiyeandaliwa msimu huo huenda asipate mwingine.