Mtu akisimulia maisha yake mwenyewe, tuamini yote? Buku ya mtoto wa Likasi

Mtu amekufa, ameacha kaye zake tu. Ndani yake ameandika siku zake za mwisho. Kaye hizo zikianguka mikononi mwako, utaamini kila neno?

Njo ulizo la buku L'Écart, iliyotoka Paris mwaka 1979. Mwandikaji wake, Valentin-Yves Mudimbe, alizaliwa hapa Likasi mwaka 1941, mji ulipokuwa ungali unaitwa Jadotville. Alifariki Marekani, Aprili 2025.

Mwenye kaye anaitwa Ahmed Nara. Ni mtafiti wa historia. Anataka kuandika upya historia ya Wakuba wa Kasai, juu anaona wageni waliiandika vibaya. Anashinda maktaba, anaenda kumwona daktari wa akili, doktere Sano, halafu usiku anaandika. Lakini kadiri unavyosoma, mambo yanachanganyika: ya leo na ya utoto, ya kweli na ya ndoto. Msomaji anajiuliza: hili lilitokea, ama Nara aliliogopa tu?

Tena Nara hadanganyi. Mwongo anajua ukweli, anauficha. Nara yeye hauoni tena. Anaandika hofu yake vile anavyoisikia, na hofu hiyo inageuza kila kitu. Kumbe yule anayesema wengine waliandika historia vibaya, hata ya kwake inamponyoka. Kaye zake si ushahidi mzuri juu ya watu anaowataja, lakini juu ya maumivu yake zinasema mengi.

Njia hii ya kuandika ni ya zamani. Kule Urusi, mwaka 1864, Fyodor Dostoevsky alitoa buku ambamo msimulizi anajiita mgonjwa tangu mwanzo, kisha anajipinga mwenyewe. Mudimbe naye, katika Entre les eaux ya 1973, alimpa neno padri Pierre Landu, anayeacha parokia na kwenda kwa waasi, moyo wake umegawanyika.

Hata mtaani Shituru, mtu akisema majirani wanamfuata usiku, wengi wanakimbilia kusema: mwongo huyo, ama wazimu. Kuna maulizo mawili hapo. La kwanza: ni kweli wanamfuata? La pili: anaumia nini? Hata kama la kwanza halina jibu, la pili mtu anaweza kumuuliza leo, na kumpeleka kwa daktari.

Kaye za Nara zilisomwa yeye akiwa amekwisha kufa.