Asilimia ya nini? Hesabu za Goma, kutoka lava hadi koltani

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ikaingia Ziwa Kivu. Ukisoma maandishi yanayopima hasara ya siku ile utakutana na asilimia 13 ya mji, kwingine 15, kwingine 40. Waliopoteza makazi wanatajwa kuwa watu wapatao 120,000, na waliokimbia wapatao 400,000. Gawanya idadi ya kwanza kwa ya pili, unapata 0.30, yaani asilimia 30. Tayari tuna namba nne kwa tukio moja, na si lazima zipingane. Anayepima eneo lililofunikwa na lava hapimi kitu kile kile anachopima mwenye kuhesabu majengo, na wote wawili wanatofautiana na anayehesabu watu: mtaa wa nyumba zilizobanana ni kipande kidogo cha ramani na kipande kikubwa cha wakazi. Aliyeandika "asilimia 40 ya mji" bila kueleza mji unapimwa kwa kitu gani ametupa nusu ya habari.

Asilimia ni idadi ya vipande unavyochukua baada ya kitu kizima kugawanywa vipande mia. Kitu hicho kizima nitakiita msingi. Asilimia 13 ni 13/100, na kwa desimali ni 0.13; kutoka asilimia kwenda desimali unagawanya kwa 100, na kurudi unazidisha kwa 100. Kutoka sehemu kwenda desimali unagawanya namba ya juu kwa ya chini: 3/8 ni 0.375, ambayo ni asilimia 37.5. Baadhi ya sehemu haziishi zikiandikwa kwa desimali. Theluthi moja ni 0.333 na kuendelea bila kikomo, na anayeifupisha kuwa asilimia 33 anapunguza kitu. Kwenye urithi wa dola 900,000 wa ndugu watatu, asilimia 33 inampa kila mmoja dola 297,000, na dola 9,000 zinabaki mezani bila mwenyewe. Katika hesabu za namna hiyo ni salama zaidi kushika 1/3 hadi hatua ya mwisho.

Kwa Goma kuna jambo la uandishi pia. Shule na ofisi za Kongo zinafuata desturi ya Kifaransa: koma hutenga desimali, na nukta au nafasi hutenga maelfu. Kenya na Tanzania hufanya kinyume. Ankara iliyoandikwa 3,500 ni elfu tatu na mia tano kwa mfanyabiashara wa Nairobi, na ni tatu na nusu kwa karani wa Birere, mjini Goma. Makala hii inatumia nukta kwa desimali na koma kwa maelfu.

Tuanze na kodi ambayo kila mnunuzi anaigusa. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Wakongo huiita TVA, ilianza kutozwa tarehe 1 Januari 2012 kwa kiwango cha asilimia 16. Bidhaa ya dola 100 inauzwa dola 116. Swali linalowakosesha wengi ni la kurudi nyuma: katika dola 116 zilizolipwa, kodi ni asilimia ngapi? Anayejibu 16 anapata dola 18.56, na amezidisha kwa dola 2.56. Jibu ni 16/116, ambayo ni 4/29, au 0.138 hivi, yaani asilimia 13.8. Kodi ni ile ile ya dola 16. Kilichobadilika ni msingi, kutoka bei kabla ya kodi kwenda bei baada ya kodi.

Ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, kiwango cha Rwanda ni asilimia 18. Tofauti kati ya 16 na 18 inaweza kutajwa kwa njia tatu, zote sahihi. Ni pointi 2 za asilimia, yaani viwango viwili vikitolewa kimoja kwa kingine. Kwa upande wa kodi yenyewe, 2/16 ni 0.125, kwa hiyo kodi ya Rwanda ni kubwa kwa asilimia 12.5. Kwa upande wa bei anayolipa mnunuzi, 118 inazidi 116 kwa 2/116, ambayo ni asilimia 1.7. Anayetaka kuonyesha kwamba tofauti ni kubwa atachagua 12.5. Anayetaka kuonyesha kwamba ni ndogo atachagua 1.7. Kwa mama anayevuka mpaka na mzigo wake, ya tatu ndiyo yenye maana, kwa sababu ndiyo inayopima fedha inayotoka mkononi mwake, tena kwa dhana kwamba bei kabla ya kodi inalingana pande zote mbili, jambo ambalo ni nadra.

Faranga ya Kongo inatoa somo kali zaidi. Mwaka 2014 dola moja ilibadilishwa kwa faranga zipatazo 920. Mwaka 2024 ilikuwa karibu 2,800. Dola ilipanda kiasi gani? 2,800 gawanya kwa 920 ni 3.04, yaani ongezeko la asilimia 204. Faranga ilishuka kiasi gani? Iliyobaki ni 920/2,800, au 0.329, kwa hiyo imepoteza asilimia 67. Asilimia 204 na asilimia 67 zinaeleza safari moja, kila moja ikiwa na msingi wake. Kitu kinaweza kupanda kwa zaidi ya asilimia 100, lakini hakiwezi kupoteza zaidi ya asilimia 100 ya thamani yake.

Tofauti hiyo inaingia kwenye mshahara. Chukua mfanyakazi anayelipwa faranga 230,000 kwa mwezi, kiasi nilichokichagua kwa urahisi wa hesabu. Kwa 920 alikuwa na dola 250. Kwa 2,800 ana dola 82. Mwajiri anayesema "thamani imeshuka kwa asilimia 67, basi tunaongeza asilimia 67" anampa faranga 384,100, ambazo ni dola 137. Bado kuna upungufu wa dola 113. Kumrudisha kwenye dola 250 kunahitaji faranga 700,000, yaani nyongeza ya asilimia 204. Kupanda kwa asilimia fulani hakufuti kushuka kwa asilimia ile ile, kwa sababu inayofuata inahesabiwa juu ya msingi uliokwisha kupungua.

Wazee wanaokumbuka Kongo ilipoitwa Zaire waliona namba zisizo na kifani. Mfumuko wa bei wa mwaka 1994 unatajwa katika takwimu za kimataifa kuwa asilimia 23,773 kwa wastani wa mwaka. Ukilinganisha Desemba na Desemba, unatajwa kuwa karibu asilimia 9,800. Ya kwanza maana yake bei zilizidishwa mara 238.7, si mara 237.7, kwa kuwa ongezeko linajumlishwa juu ya mia ya mwanzo. Zaire moja, yaani sarafu ya wakati ule, ilibaki na 1/238.7 ya uwezo wake wa kununua, ambayo ni 0.0042, au asilimia 0.42. Kwa kipimo cha pili ilibaki na asilimia 1 hivi. Vipimo viwili vinapishana kwa zaidi ya mara mbili, lakini kwa mwenye akiba ndani ya godoro hasara ni asilimia 99 hivi au zaidi kwa vyovyote.

Madini ndipo asilimia zinapojengwa juu ya asilimia, na ndipo msomaji wa Kivu Kaskazini anapohitaji subira zaidi. Sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002 iliweka mrabaha wa asilimia 2 kwa metali zisizo za chuma, kama bati. Mrabaha ni malipo kwa serikali yanayokatwa kwenye thamani ya madini yaliyouzwa. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 ilipandisha kiwango hicho hadi 3.5. Hizo ni pointi 1.5. Ni ongezeko la asilimia 75. Na hata 75 haitoshi, maana sheria mpya ilibadilisha msingi pia: ile ya 2002 iliruhusu kwanza kuondoa gharama kama za usafirishaji na bima, wakati ile ya 2018 inakata kwenye thamani ghafi ya kibiashara.

Tuone uzito wa badiliko hilo kwa mauzo ya dola milioni 100. Tukidhani gharama zilizoruhusiwa zilifika asilimia 20, msingi wa zamani ulikuwa milioni 80, na mrabaha milioni 1.6. Sasa ni milioni 3.5, ongezeko la asilimia 119 hivi. Tukidhani gharama zilikuwa asilimia 5 tu, mrabaha wa zamani ulikuwa milioni 1.9 na ongezeko ni asilimia 84. Kwa mgodi ulio ndani kabisa ya teritwari ya Walikale, ambako barabara ni ghali, dhana ya kwanza inaelekea kuwa karibu zaidi na hali halisi. Ndiyo maana mjadala unaojikita kwenye pointi 1.5 peke yake unaacha nje sehemu kubwa ya fedha.

Kisha unakuja mgawanyo. Mwaka 2002 serikali kuu ilipewa asilimia 60 ya mrabaha, jimbo 25, na mamlaka ya eneo lenye mgodi 15. Mwaka 2018 serikali kuu ilishushwa hadi 50, jimbo likabaki na 25, mamlaka ya eneo ikabaki na 15, na 10 zikaenda kwenye mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kwenye karatasi serikali kuu imepoteza pointi 10. Kwa dola, katika mfano wetu wa gharama za asilimia 20, imetoka 960,000 ikafika 1,750,000. Mamlaka ya eneo, ambayo asilimia yake haikuguswa, imetoka 240,000 ikafika 525,000. Serikali kuu ilipunguziwa kipande na fedha yake ikaongezeka kwa asilimia 82.

Wakazi wengi wakisikia kwamba eneo lao lina haki ya "asilimia 15" hudhani ni 15 ya thamani ya madini. Ni 15 ya mrabaha. Asilimia mbili zinazofuatana huzidishwa kwa desimali zake: 0.15 mara 0.035 ni 0.00525, yaani asilimia 0.525 ya mauzo, au 21/4,000. Kwa koltani, madini yanayotoa tantalamu, hesabu ni nyingine, kwa sababu amri ya Novemba 2018 iliiweka kati ya madini ya kimkakati pamoja na kobalti na gerimani, na kiwango chake ni asilimia 10. Hapo 0.15 mara 0.10 ni 0.015, asilimia 1.5. Jimbo linapata 0.25 mara 0.10, ambayo ni 1/40, asilimia 2.5.

Sheria hiyo hiyo inataka kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Hiyo ni 3/1,000, au 0.003. Kwa mauzo ya dola milioni 100 ni dola 300,000. Anayesahau kwamba alama ya asilimia tayari imegawanya kwa mia, akaandika 0.3 kwenye kikokotoo, anapata milioni 30 na kujiona ameibiwa. Anayesogeza nukta hatua moja tu kimakosa anapata milioni 3. Katika kikao cha jamii na kampuni, kosa kama hilo linaweza kula mchana mzima.

Rubaya, katika teritwari ya Masisi, mara nyingi inatajwa kutoa asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Namba hii inafaa kukaguliwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba baada ya waasi wa M23 kuuteka mji huo mwaka 2024, takriban tani 120 za koltani zilikuwa zikitoka kila mwezi, sawa na tani 1,440 kwa mwaka. Uzalishaji wa dunia huhesabiwa kwa tantalamu iliyomo, na unazidi tani 2,000. Kugawanya moja kwa moja kwa, tuseme, 2,400 kunatoa asilimia 60, lakini hiyo ni mchanga wenye madini juu ya metali safi. Tukidhani robo ya uzito wa koltani ni tantalamu, tunabaki na tani 360, na 360/2,400 ni 0.15. Tukidhani ni moja ya tano tu, ni asilimia 12. Tukishusha dunia hadi 2,000 na kushika robo, ni 18. Asilimia 15 inakaa katikati, na inategemea kipimo cha ubora wa mzigo ambao sehemu yake husafirishwa kwa magendo.

Wataalamu hao waliandika kwamba M23 ilikusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani ya Rubaya. Miezi michache kabla, Septemba 2024, Baraza la Usalama lilikuwa limetajiwa dola 300,000. Kwa tani 120, ya juu ni dola 6.67 kwa kilo, ya chini dola 2.50. Tukidhani kilo iliuzwa dola 40, mauzo ya mwezi ni milioni 4.8, na 800,000 ni 1/6 yake, asilimia 16.7. Kwa dola 50 mauzo ni milioni 6 na tozo asilimia 13.3. Mrabaha wa kisheria, ambao ni mmoja tu kati ya kodi kadhaa, ungekuwa dola 480,000 au 600,000 iwapo mzigo wote ungepitia kwa mwenye kibali. Mamlaka ya eneo ingepata 72,000 au 90,000 kwa mwezi. Ukiweka 300,000 mahali pa 800,000, tozo inashuka hadi asilimia 6.25 au 5, chini ya ile 10 ya sheria, na mgao wa eneo katika fedha hiyo unabaki sifuri kwa namba zote mbili.