Kalankoe Dirishani

Watoto, hapa Kolwezi nyumba nyingi hazina nafasi ya bustani, na wakati wa kiangazi vumbi la barabara hufunika kila jani. Lakini liko ua moja linaloweza kukaa ndani ya nyumba, dirishani, hata katika mkebe mtupu wa maziwa. Mmea wake huitwa kalankoe. Majani yake ni manene, yamejaa maji. Kila ua ni dogo na lina petali 4 tu, lakini huchanua mengi pamoja, hata ukitazama kwa mbali unadhani ni ua moja kubwa.

Asili yake ni milima ya Madagaska. Mwaka 1932 Mjerumani mmoja, Robert Blossfeld, alianza kuieneza Ulaya, na sasa huuzwa karibu dunia nzima.

Nilipokuwa mwanafunzi, darasa letu lilipewa kalankoe moja. Tuliipenda sana, na kwa kuipenda tukaiua. Tulikuwa watoto 38, na kila mmoja alitaka kuinywesha. Majani yakalegea. Tukasema, “Maskini, ina kiu!” Tukaongeza maji.

Sikilizeni kosa letu. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na hapo maji hutoka kama jasho. Kalankoe hufanya kinyume. Mchana wa jua kali hufunga vitundu vyake. Usiku, penye baridi, huvifungua. Kwa hiyo hupoteza maji kidogo, na majani yake ni ghala lake. Mizizi ikikaa katika tope hukosa hewa, nayo huoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, basi majani hulegea kana kwamba mmea una kiu, kumbe unazama.

Toboeni matundu chini ya mkebe. Kabla ya kunywesha, ingizeni kidole katika udongo. Kidole kikihisi unyevu, ngojeni. Udongo ukikauka, mwageni maji mpaka yatoke chini, kisha mwageni yaliyobaki katika sahani. Wakati wa mvua hewa yenyewe ina unyevu, basi ngojeni zaidi.

Tulikuwa na kosa la pili. Mwenzetu mmoja alileta udongo kutoka penye machimbo, wenye vijiwe vya kijani, kwa sababu ulikuwa mzuri kutazama. Kijani kile ni shaba. Mmea huhitaji shaba kidogo kabisa. Ikizidi, hudhuru mizizi. Ndiyo maana katika nchi yetu ya Lualaba kuna vilima ambavyo miti haioti juu yake, ila majani na maua machache yaliyozoea shaba. Moja ni lile liitwalo ua la shaba. Wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Watafutaji wa madini wakiliona, hujua kwamba huenda shaba iko chini. Kalankoe haina mazoea hayo. Ipeni udongo wa shamba, uliochanganywa na mchanga safi ili maji yapite upesi.

Iwekeni penye mwanga mwingi, na mpanguse vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Msiiache mahali ambapo mbuzi au mtoto mdogo anaweza kuila, kwa maana ina sumu inayodhuru moyo.

Sasa jambo linalowashangaza wengi: kalankoe haichanui mpaka ipate usiku mrefu. Mwezi wa Juni usiku wetu hupita mchana kwa saa moja hivi, na mmea huhisi tofauti hiyo. Lakini chumba chenye taa ya umeme mpaka saa nne usiku huudanganya. Hudhani bado ni mchana, nao huota majani tu. Basi, kwa majuma 6, ifunikeni kwa sanduku la katoni kila siku tangu saa kumi na moja jioni hata saa moja asubuhi. Msisahau kuifunua, kwani mchana inahitaji mwanga.

Mwalimu wetu alikata vitawi 2 vilivyokuwa bado vizima. Aliviacha kivulini siku 2 mpaka vidonda vikauke, ndipo akavipanda katika udongo mpya. Akanichagua mimi peke yangu kuvinywesha, na wenzangu walinung'unika. Kimoja kilikufa. Cha pili kilichanua mwezi wa Agosti mwaka uliofuata, maua mekundu.