Imani ya siku ya kazi: kijana mkristu katika mambo ya kisasa

Katekista mmoja mzee, aliyefundisha katekismu miaka mingi kuliko umri wetu, alituambia siku moja nyuma ya Misa: «Padri, vijana wetu wamepotea. Mambo ya kisasa yamewameza.» Tukamwuliza: «Mzee, wamepotea wapi? Leo siku ya Mungu kanisa halikujaa?» Akajibu: «Limejaa, ndiyo. Lakini kesho, siku ya kazi, watakuwa wapi?»

Jibu hilo lilitusumbua, kwa maana ni jibu la mtu anayeona vizuri. Vijana wetu wanaimba katika kwaya, wanasoma masomo ya Misa, wanapanga viti, wanacheza mbele ya altare kwa furaha. Kiisha wanatoka nje, na mlango wa kanisa unafungwa nyuma yao. Je, imani yao inatoka pamoja nao, ama inabaki ndani ikingojea siku ya Mungu nyingine? Ndilo neno tunalotaka kulichunguza hapa pamoja nanyi, ndugu wafrateri, mapadri wenzetu na wakatekista.

I. Siku moja ya kijana wetu

Tumtazame kijana mmoja wa mjini. Hatumpi jina, kwa sababu yuko katika kila parokia. Anaamka, na mbele hajafanya ishara ya msalaba amekwisha kushika telefone. Anaona picha za wenzake wanaokula vizuri, wanaovaa vizuri, walio Ulaya. Anaweka telefone chini, anachukua bidoni, anakwenda kutafuta maji. Kumbe siku haijaanza na roho yake imekwisha kuchoka: imeona utajiri wa watu wengine mbele ya kuona kazi yake mwenyewe.

Kiisha anapanda moto kwenda chuo. Motari anasimamishwa njiani, anatoa franka chache, anapita. Hakuna mtu anayeshangaa. Chuoni kijana anasikia kwamba pointi za mtihani zinaweza kupatikana kwa njia isiyo ya masomo. Akiwa msichana, anaweza kuombwa kitu ambacho hakuna mwalimu aliye na haki ya kumwomba mwanafunzi wake. Jioni rafiki zake wanatia makuta katika kamari za mpira. Mwingine anamwalika kwa mhubiri anayeahidi visa, gari na ndoa kwa yule atakayetoa sadaka kubwa. Usiku ananunua mega kidogo, na telefone inamletea mambo mema na mabaya, yote katika mlango mmoja, hata saa sita.

Hebu tuhesabu, ndugu: katika siku hiyo kijana alichagua mara ngapi? Kwa picha, kwa makuta, kwa mwili wake, kwa maneno yake, kwa saa zake. Labda mara ishirini. Nasi tulikuwa naye mara ngapi? Hatukuwa naye hata mara moja. Ni dhamiri yake peke yake iliyokuwa pale. Ikiwa dhamiri hiyo imefundishwa, Kristu alikuwa pale. Ikiwa haikufundishwa, kijana alikuwa yatima katikati ya watu. Wazee walisema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na Kanisa tunamwita Mama.

II. Makosa mawili

Mbele ya mambo ya kisasa watu wanaanguka katika makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kukataa yote. Wako wanaosema: telefone ni ya shetani, muziki ni wa shetani, kila kitu kipya ni dhambi. Lakini tukumbuke historia yetu. Kulikuwa na siku ambapo ngoma yenyewe ilihesabiwa kuwa kitu cha wapagani, ikakaa nje ya kanisa. Leo ngoma inalia ndani ya Misa, na tangu mwaka 1988 Roma imekubali Kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Na katika Misa hiyo tunawaita hata mababu wa moyo mnyofu waombe pamoja nasi. Basi kitu hakiwi kibaya kwa sababu ni cha zamani, wala kwa sababu ni kipya, wala kwa sababu kimetoka kwetu ama ng'ambo. Kinapimwa kwa matunda yake. Tena, yule anayekataza yote, vijana wanamsikiliza mara moja; mara ya pili wanajificha tu.

Kosa la pili ni kumeza yote. Wako wanaosema: «Wakati umebadilika, kila mtu anafanya hivi.» Neno hili «kila mtu» limekuwa kama amri ya kumi na moja inayofuta zile kumi. Kule Kinshasa mlungula wanauita madeso ya bana, maana yake maharagwe ya watoto. Angalieni jinsi jina zuri linavyofunika tendo baya! Anayetoa anajiona mwenye huruma, anayepokea anajiona baba mwema wa jamaa. Lakini maharagwe hayo yametolewa katika chungu cha mtoto mwingine.

Makosa haya mawili yanafanana katika jambo moja: yote mawili yanamwokoa mtu na kazi ya kupima. Anayekataa yote hapimi. Anayemeza yote hapimi. Ndiyo maana Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et spes ya mwaka 1965 (namba 43), ulihesabu utengano kati ya imani na maisha ya kila siku kuwa moja ya makosa mazito ya wakati wetu. Haukusema kwamba usasa ni kosa. Kosa ni mioyo miwili ndani ya mtu mmoja: moyo wa siku ya Mungu na moyo wa siku ya kazi.

III. Mashahidi wawili wa siku ya kazi

Wengine watasema: maneno haya ni mazuri kwa seminari, lakini mjini hayawezekani. Tuwajibu kwa watu, si kwa maneno. Mungu ameipa nchi yetu vijana wawili walei, wote wawili wenye heri, na wote wawili imani yao ilipimwa kazini.

Wa kwanza ni Isidori Bakanja. Alikuwa kijana wa Ekwatere, mwashi, aliyebatizwa mwaka 1906. Kumfanyia Mzungu kazi ya mshahara, mbali na kijiji, ndio ulikuwa usasa wa siku zile. Bakanja hakuukimbia. Alikwenda kazini na skapulari yake shingoni na rozari yake, na wenzake aliwafundisha sala. Mzungu mmoja aliyesimamia kazi alimwamuru avue skapulari, akakataa. Akapigwa kwa kiboko chenye misumari, vidonda vikaoza, akafa tarehe 15 mwezi wa nane 1909, akiwa amemsamehe aliyemtesa. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1994.

Wa pili ni Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma, aliyezaliwa mwaka 1981. Huyu ni kijana wa siku zetu kabisa: alisoma, alivaa vizuri, alipenda rafiki, alitazama mbele. Katika Jumuiya ya Sant'Egidio aliwapenda watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo, akawasaidia wasome. Kiisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayopima bidhaa zinazopita mpakani. Watu walitaka apitishe chakula kilichooza. Wakampa makuta, akakataa. Wakamtisha, akakataa tena. Alimweleza mtawa mmoja rafiki yake kwamba makuta yale yangekwisha upesi, lakini wale watakaokula chakula kile, itakuwa nini kwao? Mwezi wa saba 2007 alikamatwa na watu, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Tutazame vizuri, ndugu. Bakanja hakuuawa kanisani, wala Floribert hakuuawa kanisani. Mmoja aliulizwa juu ya kitambaa kidogo shingoni, mwingine juu ya chakula kibovu. Hakuna aliyemwambia Floribert: «Mkane Kristu.» Walimwambia tu: «Pitisha.» Lakini yeye alielewa kwamba siku ile maneno hayo mawili yalikuwa neno moja. Je, vijana wetu wanaelewa hivyo? Na kama hawaelewi, nani alipaswa kuwaelewesha?

IV. Tazama, pima, tenda

Iko njia nyepesi ya kuzoeza dhamiri. Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyepata baadaye kuwa kardinali, alianzisha J.O.C., chama cha vijana wafanyakazi wakristu, mwaka 1925, akawafundisha kufanya mambo matatu: kutazama, kupima, kutenda. Papa Yohane XXIII aliisifu njia hiyo katika barua Mater et Magistra ya mwaka 1961.

Tuitumie kwa telefone. Tazama: saa ngapi kwa siku ninakaa nayo? Inaniletea nini, inanitolea nini? Pima: nikitoka humo ninawapenda watu zaidi, ama ninawaonea wivu? Ninasema ukweli, ama ninapeleka uvumi unaowachonganisha makabila? Kwetu mashariki, ambako vita vimekula watu wengi, neno moja la chuki lililotumwa kwa kidole linaweza kuwa jiwe la kwanza. Tenda: kesho asubuhi nitasali mbele ya kuifungua, habari nisiyoijua chanzo chake sitaipeleka kwa mtu.

Tuitumie vilevile kwa mavazi, kwa muziki, kwa urafiki wa mvulana na msichana, kwa makuta. Kijana akizoea kupima mambo madogo, siku ya jambo kubwa hataanza kujifunza. Floribert hakuanza mpakani. Alikuwa amejizoeza kwa wale maibobo. Aliyemtazama mtoto wa barabarani usoni, hawezi kumlisha mtoto wa mwingine sumu.

V. Kazi yetu sisi

Sasa tuseme juu yetu wenyewe, kwa maana ni rahisi kuhubiri juu ya vijana wakati hawatusikii.

Neno la kwanza: tuwasikilize. Kijana mmoja alituuliza: «Padri, nikikataa mlungula, nyumbani tutakula nini?» Tukinyamaza, ametushinda. Tukimjibu kwa haraka «Mungu atatoa», tumemwacha peke yake. Jibu la kweli lina kazi ndani yake: jumuiya ijue njaa yake, wakristu walio na kazi wamsaidie kutafuta kazi safi, na wale wa ofisi moja washikane mikono. Mtu mmoja mwaminifu anaweza kufukuzwa. Watu kumi waaminifu ni vigumu kuwafukuza wote.

Neno la pili: tuwafundishe kwa mambo yanayoshikika. Tarehe 2 mwezi wa pili 2023, katika Uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa, Papa Fransisko aliwafundisha vijana kwa vidole vya mkono: kidole gumba ni sala, cha pili ni jumuiya, cha kati ni uaminifu, cha pete ni msamaha, cha mwisho ni utumishi. Kwa habari ya uaminifu alimtaja Floribert mwenyewe. Katekista asiye na kitabu ana mkono. Basi somo analo. Na vyama vyetu vya vijana, Xaveri, Kiro, Skauti, visibaki gwaride na nyimbo tu: kila mkutano uwe na nafasi ya kutazama siku ya kazi.

Neno la tatu ndilo zito. Tukitaka gari la misioni lipite upesi kwenye bariera, nasi tunapenyeza matabishi ndani ya karatasi, tutafundisha nini? Kijana aliyekaa nyuma ya gari ameona. Mfrateri anayeiba katika mtihani seminarini anajifunza upadri wa namna gani? Na sisi tunaowakataza vijana telefone, je, yetu haitulazi saa sita ya usiku? Kijana anasamehe padri asiyejua kuhubiri. Kwa padri mwenye mioyo miwili anajifunza tu kwamba mioyo miwili inaruhusiwa.

Tulirudi kwa yule katekista mzee tukamwambia: «Mzee, hawajapotea wote. Wako siku ya kazi katika masoko, katika biro, mipakani, chuoni. Sisi ndio hatukuwafuata kule.» Akafikiri kidogo, akasema: «Basi, Padri, mwaka huu katekismu ya kipaimara tuianze na siku ya kazi.» Tumeianza. Somo la kwanza lilikuwa swali moja tu, na kila kijana alipaswa kulijibu mbele ya wenzake: jana ulichagua nini, na kwa nini? Mvulana mmoja alikaa kimya muda mrefu. Kiisha akasema kwamba jana alirudisha makuta ya mama mmoja wa sokoni aliyekosea hesabu, na hakumwambia mtu, kwa sababu aliogopa wenzake wangemcheka.

Hakuna aliyecheka. Na kijana wa pili akainua mkono.