Mlaji Asiyeshika Pochi

Katika biashara nyingi za chakula, mteja huonja. Akiridhika hurudi, asiporidhika huhamia kwa muuzaji wa pili. Ndiyo maana wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye rafu ya chakula cha mbwa, methali hiyo hukwama. Mlaji hajui kusoma, hana pochi, na akiumwa tumbo hawezi kusema ni mlo gani uliomdhuru. Mlipaji naye haonji. Katikati yao umesimama mfuko wenye picha ya mnofu mwekundu, karoti mbichi na mbwa mwenye manyoya yanayong'aa. Mbwa hana haja na picha hiyo. Imewekwa kwa ajili ya mwenye pochi.

Juu ya pengo hilo imejengwa biashara kubwa. Nchini Marekani, kwa hesabu za APPA, chama cha wafanyabiashara wa bidhaa za wanyama wa nyumbani, wananchi walitumia dola bilioni 65.8 mwaka 2024 kununua chakula na vitafunio vya wanyama hao. Hata hivyo mfugaji anayesimama mbele ya rafu, awe Chicago au Nairobi, huuliza swali lile lile: nimpe nini? Anayetaka kulijibu bila kuyumbishwa na matangazo hana budi kujua biashara hii ilikotoka na jinsi inavyozungumza.

Kutoka gatini hadi kiwandani

Mwanzo wa biashara hii hutajwa kuwa London, katika miaka ya 1860. Mmarekani James Spratt, aliyekwenda huko kuuza vifaa vya kukinga radi, inasimuliwa kwamba aliwaona mbwa gatini wakigombania biskuti ngumu za mabaharia. Akatengeneza zake za ngano, mboga na nyama, akawalenga matajiri waliofuga mbwa wa kuwindia. Tangu siku hiyo ya kwanza, mteja aliyesakwa alikuwa mwenye mbwa na heshima yake mbele ya wenzake.

Makopo yalifuata. Mwaka 1922 kampuni ya Chappel Brothers ya Rockford, Illinois, ilianza kuuza Ken-L Ration, nyama ya farasi iliyofungwa kwenye kopo, wakati magari na matrekta yalipokuwa yakiwaondoa farasi kazini. Vita Kuu ya Pili ilipofanya bati liadimike, viwanda vikageukia chakula kikavu. Kisha mwaka 1957 Purina ikaleta sokoni Dog Chow, punje zilizopikwa kwa mvuke na kusukumwa kwa shinikizo hadi zikatutumka, kwa teknolojia inayofanana na ile ya nafaka za kifungua kinywa. Punje hizo hazikuhitaji jiko wala jokofu, na ndizo zilizoujaza ulimwengu.

Faida ilipoonekana, wakubwa walikuja. Colgate-Palmolive, ambayo wengi wetu tunaijua kwa dawa ya meno, ilichukua Hill's mwaka 1976. Nestlé, tunayoijua kwa kahawa na maziwa, iliinunua Ralston Purina mwaka 2001 kwa dola bilioni 10.3. Mars, watengenezaji wa chokoleti, wana Pedigree na Royal Canin chini ya paa moja. General Mills walilipa dola bilioni 8 mwaka 2018 kuipata Blue Buffalo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2002 tu. Kwa hiyo mifuko miwili inayoonekana kushindana rafuni huenda ikawa ya mwenye mali mmoja: mmoja kwa mwenye kipato cha kawaida, mwingine kwa anayeamini kwamba bei kubwa ni mapenzi makubwa.

Lugha ya mfuko

Kwa bahati nzuri, ukiacha picha ukaingia kwenye maandishi madogo, mfuko husema mengi. Marekani ina AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo kilichoanzishwa mwaka 1909, ambacho kanuni zake za mfano hufuatwa na majimbo mengi. Kanuni inayomfaa zaidi mfugaji ni ile ya jina la bidhaa.

Chakula kikiitwa kwa ufupi "Nyama ya Ng'ombe kwa Mbwa", sharti nyama hiyo iwe angalau asilimia 95 ya viambato, bila kuhesabu maji yaliyotiwa wakati wa kutengeneza. Kikiitwa "Mlo wa Nyama ya Ng'ombe", kiwango kinashuka hadi asilimia 25. Kikiwa "chenye Nyama ya Ng'ombe", asilimia 3 inatosha. Na kikiwa cha "Ladha ya Nyama ya Ng'ombe", hakuna asilimia iliyowekwa, mradi ladha iweze kutambulika. Neno moja limebadilika, na nyama imetoka karibu kopo zima hadi harufu tu. Ulaya ina vizingiti vyake, lakini somo ni hilo hilo: soma jina lote, usiishie kwenye herufi kubwa.

Orodha ya viambato nayo ina mtego. Hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, na nyama mbichi ya kuku sehemu yake kubwa ni maji. Kuku anaweza kuongoza orodha, ilhali baada ya maji kukauka nafaka zilizofuata nyuma yake ndizo zilizobeba mfuko.

Mtego huo huo wa maji huwachanganya wanaolinganisha kopo na punje. Tuseme kopo limeandikwa protini asilimia 8 na maji asilimia 78, na mfuko wa punje una protini asilimia 26 na maji asilimia 10. Kwa haraka utasema punje zina protini mara tatu. Ondoa maji uone. Kwenye kopo kimebaki chakula asilimia 22, na 8 ndani ya 22 ni zaidi ya asilimia 36. Kwenye punje imebaki 90, na 26 ndani ya 90 ni kama asilimia 29. Kopo limeshinda.

Maneno kama "premium" hayana uzito wa kisheria. Mtengenezaji anayeyatumia halazimiki kuweka viambato bora kuliko mwenzake. Tamko lenye uzito ni lile linalosema chakula kimekamilika na kina uwiano, na kwa umri gani: mtoto anayekua, mbwa mzima, au wote. Kwa mbwa mzima, AAFCO inataka protini isiyopungua asilimia 18 baada ya kuondoa maji, na kwa mtoto asilimia 22.5. Mfuko usio na tamko hilo ni kitafunio, hata ukiwa na ukubwa wa gunia.

Hesabu ya bei nayo ifanywe kwa siku. Tuseme kilo 10 za aina ya kwanza ni shilingi 4,000 na mbwa wako anahitaji gramu 300 kwa siku, na kilo 10 za aina ya pili ni shilingi 3,000 lakini anahitaji gramu 450 ili ashibe. Ya kwanza inakugharimu shilingi 120 kwa siku, ya pili 135. Mfuko uliokuvutia kwa unafuu ndio uliokula pesa.

Mitindo na majuto

Biashara inayouza kwa moyo wa mnunuzi hufuata mitindo ya mnunuzi. Watu walipoanza kuzikimbia ngano na mahindi kwenye sahani zao, walianza kuziogopa kwenye bakuli la mbwa pia, na vyakula visivyo na nafaka vikapanda bei. Nafasi ya nafaka ikachukuliwa na njegere, dengu na viazi. Mwezi Julai 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwamba inachunguza ripoti za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka wakilishwa vyakula vya aina hiyo. Hadi mwisho wa Aprili 2019 ripoti zilikuwa 524, na aina ya mbwa iliyotajwa mara nyingi zaidi ilikuwa Golden Retriever. Uchunguzi haujathibitisha kwamba chakula ndicho chanzo. Lakini wafugaji wengi walijifunza kwamba walikuwa wamelipa zaidi ili kuepuka kitu ambacho mbwa wao hakuwahi kulalamikia.

Kuna majuto mazito zaidi. Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada iliondoa sokoni zaidi ya makopo na pakiti milioni 60 zenye majina mengi tofauti, baada ya mbwa na paka kufa kwa figo kushindwa. Gluteni ya ngano iliyoagizwa kutoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali ya viwanda vya plastiki. Sababu ilikuwa hesabu ya biashara: maabara hupima protini kwa kupima naitrojeni, na melamini imejaa naitrojeni. Unga hafifu ukafaulu kama unga bora. Wafugaji walishtuka pia kuona chapa za bei ya chini na za bei ya juu zikitajwa kwenye orodha moja, kwa sababu zote zilipikwa katika jiko moja.

Hata anayetangaza usafi hana udhibiti wa kila gunia analoletewa. Blue Buffalo ilijijenga kwa ahadi kwamba chakula chake hakina mabaki ya kuku kutoka machinjioni. Purina iliishtaki mwaka 2014, na baadaye Blue Buffalo ikakiri kwamba mtoa malighafi wake aliingiza mabaki hayo. Mwaka 2015 ilikubali kulipa dola milioni 32 kumaliza kesi ya wateja. Mabaki yenyewe si sumu, kwani ini na figo ni chakula kizuri kwa mbwa. Kosa lilikuwa kwamba mnunuzi alilipia ahadi ambayo mfuko haukuitimiza.

Vitafunio

Kitafunio ndicho bidhaa inayouzwa kwa hisia tupu. Mfugaji hakinunui kwa sababu mbwa ana njaa. Hukinunua kwa sababu amechelewa kurudi nyumbani, au amependa mkia unavyotikisika. Milk-Bone, biskuti yenye umbo la mfupa, imekuwapo tangu 1908 kwa hisia hiyo hiyo.

Ni hapa pia uangalizi hulegea. Kuanzia 2007 FDA ilipokea malalamiko kuhusu vipande vya nyama iliyokaushwa, vingi kutoka China. Hadi Mei 2014 malalamiko yalihusu zaidi ya mbwa 5,600, na zaidi ya 1,000 kati yao waliripotiwa kufa. Vipimo vingi vilifanywa bila chanzo kupatikana. Wafugaji wengi walirudi kwenye vitafunio vinavyotambulika kwa macho: kipande cha karoti, kiazi kitamu kilichochemshwa, mnofu wa kuku usio na chumvi.

Madaktari wa mifugo hushauri vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Vipo pia vya kufungiwa kabisa: chokoleti, zabibu mbichi au kavu, na zailitoli, utamu wa kwenye bazoka na baadhi ya siagi za karanga, ambao huishusha ghafla sukari ya damu ya mbwa.

Bakuli la kwetu

Katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania mbwa hajawahi kuonja punje ya dukani. Hula ugali kwa dagaa, matumbo, mifupa ya buchani na makombo ya jana. Pale agroveti, mfuko wa punje kutoka ng'ambo hukaa karibu na unga wa mbwa wa kupikwa, na tofauti ya bei humaliza mjadala.

Chakula cha jikoni si dhambi, ila kinataka maarifa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua mapishi 200 ya mbwa na kukuta asilimia 95 yana upungufu wa angalau kirutubisho kimoja muhimu. Nyama na ugali bila chanzo cha kalisi hudhoofisha mifupa ya mtoto wa mbwa. Makombo ya mchuzi huja na vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu. Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vichane vyenye ncha.

Hatari kubwa zaidi ni mahindi yaliyoota ukungu. Tunaijua sumukuvu, sumu ya ukungu huo, kwa msiba: watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na 20 katika mlipuko wa mwaka 2016 katikati ya Tanzania. Kikomo cha sumukuvu cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya watu ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mahindi yaliyokataliwa na watu mara nyingi huelekezwa kwa mifugo, kana kwamba ini la mbwa ni gumu kuliko letu. Si gumu. Huko Marekani, penye maabara zote zile, chakula cha mbwa chenye sumukuvu kiliua zaidi ya mbwa mia moja mwaka 2005, na tena zaidi ya mia moja kuanzia mwisho wa 2020. Unga usioweza kumpikia mtoto wako, usimpikie mbwa.

Kipimo cha mkono

Kati ya mambo yote yanayouzwa katika biashara hii, lenye ushahidi mzuri kuliko mengi halimnufaishi muuzaji. Watafiti wa Purina wenyewe waliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote. Nusu walilishwa robo pungufu ya wenzao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi: umri wao wa kati ulikuwa miaka 13, dhidi ya 11.2. Chakula kilikuwa kile kile. Kilichotofautiana ni kipimo.

Basi mfugaji anunue kikombe cha kupimia kabla ya kununua mfuko wa bei. Kisha, mara moja kwa wiki, aweke viganja vyake ubavuni mwa mbwa. Mbavu zikihisika bila kubonyeza na kiuno kikionekana ukimtazama kutoka juu, mlo unamfaa. Zikifichwa na mafuta, au zikichomoza kama kuni, haumfai, hata mfuko useme nini. Manyoya yatasema, kinyesi kitasema, na mwendo wake wa asubuhi utasema. Mlaji huyu asiyeshika pochi anatoa ushahidi kila siku, na mwenye kuusikia ni yule anayeishi naye.