Kabla ya Kamati ya Harusi

Ukipita Msamvu, mjini Morogoro, ukafuata barabara ya Dodoma, unaingia Kihonda, kata ya watu waliotoka pande nyingi. Wapo Waluguru walioshuka kutoka Mgeta na Matombo, Wapogoro wa Ulanga, Wachagga wa biashara na vijana wanaotafuta kazi viwandani. Mkatoliki anayeoa hapa hujibu maswali ya pande mbili, ukoo na parokia, na pande hizo haziulizi jambo moja.

Kwa Waluguru, mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama, na shamba la mlimani hufuata upande huohuo. Ndiyo maana posa isiyomfikia mjomba ni posa iliyopotea njia, hata kama baba mzazi ameipokea kwa bashasha. Mshenga anayejua kazi yake huuliza mapema: wajomba ni akina nani, na nani kati yao ndiye msemaji? Kijana wa Kichagga anayeposa binti wa Kiluguru amezoea kwao mtoto awe wa ukoo wa baba. Huyo ana somo kubwa la kujifunza, na ni afadhali alipate barazani kwa wajomba kuliko alikute siku ya kugombea watoto.

Binti naye alikuwa na darasa lake. Zamani mwali wa Kiluguru aliwekwa ndani kwa muda mrefu, akafundwa na wanawake wazima, kisha akatolewa kwa ngoma. Mjini siku hizi sehemu kubwa ya mafunzo hayo imebanwa ikaingia kwenye jioni moja ya kitchen party, ambako mara nyingi vyombo vya zawadi huchukua muda mrefu kuliko mawaidha.

Upande wa parokia, safari huanzia kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970. Kwa kawaida mwenyekiti wa jumuiya ndiye anayemtambulisha muumini kwa paroko, na asiyeonekana kwenye sala za jumuiya huanza kukumbukana na majirani zake wakati huo. Kisha hutafutwa cheti kipya cha ubatizo. Cha zamani kilichokunjwa sandukuni hakitoshi, kwa sababu ndoa huandikwa pembeni mwa jina katika daftari la ubatizo. Aliyebatizwa Matombo hupanda mlima kukifuata, au humtuma ndugu, ili ijulikane kama hajafunga ndoa kwingine.

Yanafuata mafundisho kwa katekista au padre, halafu mahojiano. Hapa kila mmoja huulizwa akiwa peke yake: unafunga ndoa kwa hiari? Kuna aliyekushurutisha? Unakubali kupokea watoto, na kwamba ndoa hii haivunjwi hadi kifo? Pengine hiyo ndiyo nafasi pekee katika maandalizi yote ambapo bibi harusi huulizwa nia yake bila shangazi, mjomba wala mchumba kusikiliza.

Mchumba akiwa Mwislamu, jambo la kawaida Morogoro, hutakiwa kibali cha askofu, na Mkatoliki huahidi kulinda imani yake na kufanya awezavyo watoto wabatizwe. Ndoa hiyo ni halali, ila si sakramenti.

Matangazo husomwa kanisani, kwa kawaida Jumapili tatu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla, kwa hiyo Kanisa na serikali hapo hawakupishana sana.

Kinachopishana na vyote ni kamati ya harusi. Wachumba hungoja michango itimie, mwaka unakatika, mtoto wa kwanza anazaliwa, wa pili anafuata, na mwishowe wanakuja kubariki ndoa wakiwa na watoto wa shule. Hata wasimamizi, wanaotarajiwa kuwa wanandoa wa mfano na walezi wa maharusi, wakati mwingine huchaguliwa kwa sababu wana gari zuri.

Sheria ya Kanisa haidai ukumbi, keki wala sare. Inadai watu wawili walio huru, padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Anayekusudia kuoa Kihonda mwaka huu aanzie kwa mjomba na kwa mwenyekiti wa jumuiya. Kadi za mchango zichapishwe baadaye.