Anayeamua Kurudi India ni Muuguzaji

Viza ya matibabu ambayo India huitoa kwa mtandao humruhusu mgonjwa kuongozana na watu 2 wa kumuuguza. Kipengele hicho kidogo kinaeleza, kuliko mabango ya hospitali, kwa nini Mtanzania au Mkenya aliyetibiwa Chennai hurudi kulekule. Wakati wa upasuaji mgonjwa alikuwa usingizini. Aliyekesha ni mkewe au kaka yake. Huyo ndiye aliyepanga foleni ya malipo, akamsaka mkalimani wa Kiswahili, akapangisha chumba chenye jiko ili mgonjwa asishinde na njaa kwa kuogopa pilipili. Siku vipimo vikidai safari ya pili, kikao cha familia kitamsikiliza yeye.

Devi Shetty, daktari wa upasuaji wa moyo aliyeanzisha Narayana Health huko Bangalore mwaka 2000, anajulikana kwa msimamo kwamba tiba isiyolipika si suluhisho. Linalovutia zaidi katika hospitali zake, hata hivyo, ni darasa la ndugu. Kwa ushirikiano na shirika la Noora Health, jamaa hufundishwa kwa video na kwa vitendo kunawa mikono ipasavyo, kutunza kidonda, kusimamia dawa, kumfanyisha mgonjwa mazoezi na kutambua dalili za hatari. Ndugu ambaye wodi nyingine humwona kero mlangoni, hapa hupewa kazi. Aliyeaminiwa hivyo naye huamini.

Wapo watakaosema ni bei tu. Bei humtoa mtu Dar es Salaam mara ya kwanza. Lakini Delhi, Chennai na Hyderabad zote ni nafuu kuliko London, na unafuu huo hauelezi kwa nini achague mlango uleule. Hoja nzito zaidi ni ya aliyepandikizwa figo: dawa na vipimo vyake havina mwisho, atake asitake lazima aonwe na daktari. Ni kweli, ila si lazima aonwe India. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza figo mwaka 2017. Anayepanda ndege tena huenda anamfuata daktari anayelijua faili lake. Je, hapa nyumbani faili hilo amekabidhiwa nani? Na homa ikipanda saa nane za usiku, ndugu aliyefundishwa Bangalore ampigie nani simu?